Je, Brittany Howard aliitupa bendi yake? Jibu kwa mwimbaji wa Arusha

Swali: Shikamoo, mwalimu. Nina miaka 26 na ni mwimbaji wa mbele wa bendi ya watu wanne hapa Arusha. Tunapiga soul na roki, kopi nyingi na nyimbo zetu chache. Mwanamuziki ninayemfuatilia kuliko wote ni Brittany Howard wa bendi ya Marekani iitwayo Alabama Shakes. Mwaka huu nimeanza kuandika nyimbo ambazo haziingii kwenye bendi, na nilipowaambia wenzangu kwamba nataka kuzirekodi peke yangu walinijibu kuwa bila wao mimi si kitu, na kwamba hata huyo Howard aliiua bendi yake ilipofika kileleni kwa tamaa ya jina. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na mwimbaji wa bendi anaweza kusimama nje ya bendi bila kuwatupa mkono wenzake?

Jibu: Marahaba, dada. Umeniuliza waziwazi jambo ambalo wanamuziki wengi hulinong'ona nyuma ya jukwaa, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu unaostahili. Kwa kifupi, hapana: Brittany Howard hakuiua Alabama Shakes, wala hakuondoka kwa tamaa ya jina, maana siku alipobwaga manyanga jina alikuwa nalo tayari, pamoja na tuzo na kumbi zilizojaa. Hata hivyo, wenzako hawajakosea katika kila walichosema. Sauti ya Howard unayoipenda ililelewa na bendi, na ukiifuatilia tangu mwanzo utaona ni wapi hasa ilikolelewa, na ni wapi ilianza kuhitaji kitu ambacho bendi haikuweza kuipa.

Howard alizaliwa Oktoba 1988 katika mji mdogo wa Athens, kaskazini mwa jimbo la Alabama, kwa baba Mweusi na mama Mzungu, na sehemu ya utoto wake aliishi kwenye uwanja wa magari mabovu uliokuwa wa baba yake. Dada yake mkubwa, Jaime, ndiye aliyemfundisha kupiga piano na kuandika mashairi. Jaime alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 13 kwa saratani ya retina, ugonjwa adimu wa macho uliompata Brittany pia na kumwachia jicho moja lisiloona vizuri. Ninalitaja hili mapema kwa sababu litarudi mbele ya safari: kuna jambo ambalo mtu anaweza kulibeba kwa miaka 20, akasimama nalo mbele ya bendi na maelfu ya watu, na bado asiliimbe.

Akiwa sekondari alikaa darasa moja la saikolojia na kijana aliyeitwa Zac Cockrell, mpiga besi mkimya, ambaye fulana zake za bendi zilimwonyesha Howard kwamba angalau kuna mtu mmoja pale shuleni anayeweza kuongea naye. Wakaanza kukutana baada ya masomo na kuandika nyimbo. Wakati huo hapakuwa na bendi. Palikuwa na msichana mwenye gitaa na mvulana mwenye besi. Mpiga dramu, Steve Johnson, walimpata kupitia duka la vyombo vya muziki alikokuwa akifanya kazi, na Heath Fogg, mpiga gitaa, alikuwa na bendi yake mwenyewe na aliwaalika wafungue onyesho lake, kisha akajikuta anapiga nao. Mwaka 2009 wakajiita The Shakes, na baadaye wakaongeza jina la jimbo lao kwa kuwa kulikuwa na wengine waliokwisha kulitumia jina hilo. Wote walikuwa na kazi nyingine za kuwalisha. Howard alikuwa mpeleka barua wa posta, Fogg alipaka rangi nyumba, Johnson alikuwa na zamu kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, na Cockrell alifanya kazi katika kliniki ya wanyama. Mazoezi yalikuwa usiku, baada ya kazi, katika nyumba ya zamani ya familia ya Howard.

Sasa niseme kuhusu kopi, kwa sababu umezitaja kama mtu anayeziomba radhi, na sioni sababu ya kufanya hivyo. Baa haiajiri bendi yenye nyimbo sita. Inataka watu wa kuujaza usiku mzima. Alabama Shakes walijaza usiku huo kwa James Brown, Otis Redding, Led Zeppelin na AC/DC, na hapo ndipo mchanganyiko wao ulipopikwa. Nimekaa kwenye mazoezi ya bendi nyingi, na nimeona jinsi jambo hili linavyotokea: mwimbaji anayelazimika kuimba Otis Redding saa tatu na kisha AC/DC saa tatu na nusu, kwa koo lile lile na vipaza sauti vile vile vibovu, hujifunza bila kufundishwa kwamba ule mkwaruzo wa soul na ule ukelele wa roki hutoka mahali pamoja, chini ya mbavu, na kwamba tofauti yake ni muda anaousubiri kabla ya kuuachia. Howard alijifunza kusubiri. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho bendi ilimpa, na hakuna mwalimu wa sauti ambaye angeweza kumpa.

Kitu cha pili kilikuwa ardhi yenyewe. Upande wa magharibi wa Athens, mwendo wa kama saa moja kwa gari, kuna Muscle Shoals na miji jirani zake, mahali ambapo Percy Sledge alirekodi wimbo uliompa umaarufu mwaka 1966 na ambapo Aretha Franklin alifika Januari 1967 katika studio ya FAME na kupata sauti ambayo miaka yake ya kwanza ya kurekodi haikuwa imeipata. Wapigaji wa kule walisifika kwa kuacha nafasi: besi husema neno lake na kunyamaza, gitaa hudonoa na kutoka, mwimbaji anabaki na uwanja mpana wa kutembea. Usidhani kwamba Howard na wenzake walikuwa wanafunzi wa rasmi wa mtindo ule. Lakini Ben Tanner, mpiga kinanda aliyejiunga nao katika rekodi na safari, alikuwa mtu wa huko huko, na mwanamuziki aliyewatambulisha kwa watu walioweza kuwasimamia, Patterson Hood wa bendi ya Drive-By Truckers, ni mtoto wa David Hood, mmoja wa wapiga besi waliolijenga jina la Muscle Shoals.

Umaarufu ulikuja kwa kasi ambayo haikumpa mtu muda wa kupumua. Katikati ya mwaka 2011 mwandishi wa muziki Justin Gage aliweka mmoja wa nyimbo zao kwenye tovuti yake, na baada ya siku chache barua za mameneja na kampuni za kurekodi zilikuwa zimerundikana. Albamu ya kwanza, Boys & Girls, ambayo walikuwa wameirekodi Nashville siku ambazo hawakuwa kazini, ilitoka Aprili 2012, ikapanda hadi nafasi ya 6 katika chati ya Marekani na kuwapa uteuzi wa tuzo tatu za Grammy. Mwaka uliofuata walipiga muziki katika Ikulu ya Marekani katika usiku wa kuenzi soul ya Memphis.

Rudi uusikilize wimbo wao uliotangulia mbele ya yote, Hold On, lakini safari hii usimsikilize Howard. Sikiliza wale wengine watatu. Dramu inakwenda kama mtu anayetembea bila haraka, besi inaegemea pale pale, gitaa linarudia kipande kifupi ambacho hata mwanafunzi wa mwezi mmoja anaweza kukipiga. Hakuna anayejionyesha. Juu ya sakafu hiyo Howard anaanza chini, karibu na kuongea, akishangaa kwamba amefikisha miaka 22, na sauti haipandi mpaka wimbo uombe kupandishwa. Mwimbaji asiyewaamini wapigaji wake huanza kupiga kelele tangu mstari wa kwanza, kwa sababu anahisi akinyamaza wimbo utaanguka. Howard aliweza kunyamaza kwa kuwa alijua Cockrell yupo. Kwa maana hiyo, wenzako wanapokuambia kwamba sauti yako inabebwa, hawakutukani. Wanakueleza kazi yao.

Umakini huo huo uupeleke kwenye albamu ya pili, Sound & Color, ya Aprili 2015, nawe utasikia kitu kinaanza kubadilika. Albamu inafunguliwa na vibrafoni, chombo ambacho baa ya Alabama isingekuwa na habari nacho. Prodyuza Blake Mills alifanya kazi na bendi kuzifungua nyimbo, na Howard, ambaye alikuwa na mazoea ya kutengeneza demo zake mwenyewe kwenye kompyuta, akiweka dramu, besi na sauti za kuitikia peke yake, alianza kufika mazoezini na nyimbo zilizokwisha kuwa na umbo. Katika Don't Wanna Fight, kabla ya ubeti wa kwanza, anatoa mlio mwembamba, uliobanwa kooni, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Si neno wala noti iliyokamilika. Mwimbaji wa Boys & Girls angeingia kwa mngurumo; huyu anaingia kama mtu aliyechoka kugombana hadi sauti imemkauka, na ndiyo maana ya wimbo wenyewe. Baadaye katika wimbo huo huo anapanda kwenye falseto, ile sauti nyembamba ya juu, na kubaki huko. Aliyekuwa akisifiwa kwa ukubwa wa sauti alikuwa ameanza kuvutiwa na udogo wake.

Albamu hiyo iliingia chati ya Marekani ikiwa namba 1, na Februari 2016 bendi ilichukua Grammy za Albamu Bora ya Muziki Mbadala, Uimbaji Bora wa Roki na Wimbo Bora wa Roki. Naomba uikumbuke hiyo ya mwisho, maana hutolewa kwa watunzi na si kwa mwimbaji. Waliotajwa kama watunzi wa Don't Wanna Fight walikuwa Alabama Shakes, yaani wote wanne. Howard hakuyatenga maneno na sauti yake na kudai fungu lake kando. Wimbo ulihesabiwa kuwa wa bendi kwa sababu bendi ndiyo iliyoufikisha pale.

Kabla sijafika kwenye kuondoka, kuna jambo ambalo wenzako wanapaswa kulisikia. Howard alikuwa akifanya mambo yake nje ya bendi muda mrefu kabla ya kuiacha. Mwaka huo huo wa 2015 alitoa albamu ya roki ya fujo na kundi lingine aliloliita Thunderbitch, na mwaka 2017 alikuwa na kundi la wanawake watatu, Bermuda Triangle, lililopiga nyimbo tulivu za gitaa. Alabama Shakes haikufa kwa hayo. Nyimbo zisizo na makao ndani ya bendi zilitafutiwa makao mengine, na bendi ikaendelea na zake.

Kilichokwamisha safari kilikuwa albamu ya tatu. Baada ya miaka ya maonyesho mfululizo walikaa kuandika, na nyimbo hazikuja. Howard ameeleza hadharani kwamba alikuwa anakaribia miaka 30 na akajiuliza anataka kuishi vipi miaka inayofuata, na kwamba jibu lilimlazimu kuwaambia wenzake ukweli. Hapa ndipo watu husema alikuwa na tamaa. Pima mwenyewe: bendi iliyotoka kushika namba 1 ingeweza kutoa albamu yoyote ile, hata ya kuokoteza, na watu wangeinunua na kumbi zingejaa. Njia ya tamaa ilikuwa kubaki. Mwaka 2018 aliacha kile kilichokuwa na uhakika wa kipato, akahamia California kwa muda, na katika kibanda kidogo cha kioo cha kuoteshea mimea huko Topanga, chenye joto la kumfanya mtu avuje jasho akiwa ameketi, akaanza kuandika peke yake.

Mwezi Aprili mwaka huo alipanda jukwaani Cleveland kumwingiza Sister Rosetta Tharpe katika Ukumbi wa Heshima wa roki. Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915 na kufariki mwaka 1973, aliimba injili huku akipiga gitaa la umeme kabla wanaume wengi waliopewa sifa ya kuanzisha roki hawajarekodi chochote. Sidai kwamba usiku ule ndio uliomwamulia Howard mambo. Ila kwa mwanamke aliyezoea kuitwa sauti ya bendi, ilhali alikuwa pia mtunzi wake na mpiga gitaa wake, kusimama na kulitaja jina la mwanamke aliyecheleweshewa haki yake kwa miaka 45 baada ya kifo si jambo jepesi.

Albamu ya peke yake ilitoka Septemba 2019, na jina lake ni Jaime. Alisema wazi kwamba jina ni kumbukumbu ya dada yake, lakini nyimbo zinamhusu yeye mwenyewe. Humo kuna wimbo uitwao Goat Head, unaosimulia jinsi watu walivyotoboa magurudumu ya gari la baba yake na kuweka kichwa cha mbuzi kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu tu ya ndoa ya watu wa rangi mbili katika mji mdogo wa Alabama. Dada, hebu fikiria wimbo huo ukiletwa mazoezini mbele ya wanaume watatu Wazungu, waungwana na marafiki wa miaka mingi. Wangeupiga vizuri, sina shaka. Lakini katika bendi kila wimbo hupitia mikono ya wote, kila mtu huuliza nafasi yake iko wapi, na kuna mambo ambayo mtu akianza kuyagawa nafasi yanapoteza ukweli wake. Nyimbo za aina hii ndizo ninazodhani unazo wewe, ingawa hukuniandikia zinahusu nini.

Waliopiga katika Jaime ni Robert Glasper kwenye kinanda na Nate Smith kwenye dramu, wote wawili watu wa jazi wa daraja la juu. Na kwenye besi? Zac Cockrell. Yule yule wa darasa la saikolojia. Alirekodi naye, akazunguka naye kwenye maonyesho, na akarudi tena kwenye albamu ya pili. Kila ninapowasikia watu wakisema Howard aliwaacha wenzake kwenye mataa huwa nawataka wasome jina la mpiga besi. Aliiacha namna ya kufanya kazi, ile ya kila jambo kuamuliwa na wanne. Urafiki hakuuacha, na masikio aliyoyaamini tangu ujana hakuyatupa.

Si kila aliyeondoka alivuka hivyo, na ningekudanganya kama ningekupa mfano mmoja tu. Janis Joplin alikuwa mbele ya Big Brother and the Holding Company, bendi ya San Francisco iliyopiga kwa fujo na moyo mwingi, na albamu yao ya Agosti 1968, Cheap Thrills, ilikaa namba 1 kwa wiki nane. Watu wengi walimwambia kwamba wapigaji wake hawafikii kiwango chake. Akaondoka. Onyesho la mwisho na Big Brother lilikuwa tarehe 1 Desemba 1968, na tarehe 21 ya mwezi huo huo akasimama Memphis, katika onyesho la kampuni ya kurekodi soul ya Stax, mbele ya watu walioijua soul kama unavyoijua njia ya nyumbani kwenu, akiwa na bendi mpya yenye tarumbeta na saksafoni iliyokuwa imepata siku chache tu za mazoezi. Mapokezi yalikuwa baridi. Bendi hiyo, Kozmic Blues, ilidumu takriban mwaka mmoja. Sam Andrew, mpiga gitaa aliyemfuata kutoka Big Brother, aliachishwa njiani, kwa hiyo usiseme kwamba kinachookoa ni kuondoka na rafiki mmoja. Joplin alipata wapigaji waliomfaa kweli mwaka 1970, Full Tilt Boogie, na akafariki Oktoba mwaka huo kabla albamu waliyokuwa wakiirekodi haijatoka.

Ninavyoona mimi, tofauti ya wanawake hawa wawili haiko kwenye ukubwa wa sauti. Joplin alitolewa kwenye bendi na maneno ya watu waliomwambia anastahili wapigaji bora, na alitoka kabla nyimbo mpya na bendi mpya hazijazoeana. Howard alisukumwa na nyimbo zenyewe. Alipowaita Glasper na Smith alijua anataka nini kwao, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuusikia wimbo mzima kwenye demo yake. Hilo ndilo ningekutaka ulipime kabla ya jambo lingine lolote.

Iko pia njia ya katikati, aliyoipitia Chaka Khan. Aliimba mbele ya bendi ya Rufus tangu miaka ya mwanzo ya 1970, akatoa wimbo wake wa peke yake uliotikisa dunia mwaka 1978, na bado alikuwa akirekodi na Rufus hadi mwaka 1983, walipotoa Ain't Nobody. Haikuwa njia ya amani tupu, mikataba ilikuwemo na mivutano ilikuwemo, lakini inaonyesha kwamba mguu mmoja ndani na mmoja nje si kitu kigeni katika muziki huu.

Turudi kwa Howard. Machi 2021 alishinda tena Grammy ya Wimbo Bora wa Roki, kwa wimbo Stay High kutoka Jaime, na safari hii jina la mtunzi lilikuwa moja: Brittany Howard. Tuzo ile ile, mara ya kwanza majina manne, mara ya pili jina lake pekee. Wenzako wakikuambia bila sisi wewe si kitu, waonyeshe ya 2021. Na wewe siku ukijidanganya kwamba wao si kitu, jionyeshe ya 2016. Wimbo wenyewe ni mwanana kabisa, umejaa falseto, unazungumzia mtu anayetoka kazini na kutamani furaha yake isivurugwe. Yule aliyekuwa mpeleka barua yumo ndani, na mngurumo wa mwaka 2012 haumo.

Albamu yake iliyofuata, What Now, ilitoka Februari 2024 na inakwenda mbali zaidi, kwenye midundo ya dansi na vyombo vya kielektroniki, na sitakaa nayo sana kwa kuwa haigusi swali lako. Kinacholigusa ni kilichotokea Desemba 2024, Tuscaloosa, pale Howard, Fogg na Cockrell walipopanda jukwaani pamoja bila kutangaza mapema, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mwaka 2025 watatu hao walifanya ziara kwa jina la Alabama Shakes na kutoa wimbo mpya, wa kwanza wa bendi baada ya miaka kama 10. Mpiga dramu wa awali hakuwemo, kwa hiyo sisemi kwamba kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa. Ila bendi iliyouawa haifanyi ziara.

Sasa nikuambie la kufanya. Usiondoke kwenye bendi wiki hii, na usiingie studio ya kulipia wiki hii. Zichukue nyimbo tatu kati ya hizo zako mpya, uzirekodi nyumbani kwa simu, gitaa na sauti tu, na kama unaweza kugonga meza uweke mdundo, ugonge. Ziandike tarehe. Kisha uzipeleke mazoezini na uwapigie wenzako bila kuwaomba chochote, halafu uangalie. Wimbo ambao watu watashika vyombo kabla haujaisha ni wa bendi, hata kama uliuandika kitandani kwako usiku. Wimbo ambao watakaa kimya wakisubiri uishe, au wataanza kuubadilisha hadi wewe mwenyewe ukajisikia mgeni ndani yake, huo ndio wa kurekodi peke yako, na utakuwa na sababu ambayo hata wao wameisikia kwa masikio yao.

Jambo la pili ni karatasi. Kwa kila wimbo wenu, wa bendi au wako, andikeni sasa hivi, mkiwa bado mnacheka pamoja, nani alitunga na kwa mafungu gani, na muusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina hayo. Nimeshuhudia bendi nzuri ikisambaratika kwa ugomvi wa wimbo mmoja ambao hakuna aliyekumbuka kwa hakika nani alileta kiitikio, na waliogombana walikuwa watu waliokula sahani moja kwa miaka tisa.

Jambo la tatu, mwambie mpiga besi wako kabla ya wengine. Simaanishi umvute upande wako. Yeye ndiye anayesimama karibu zaidi na mapigo ya sauti yako na huenda amekwisha kusikia kwamba kuna kitu kinabadilika kabla wewe hujamwambia mtu. Mwombe akusikilize nyimbo hizo tatu mkiwa wawili tu, bila kipaza sauti. Kisha niandikie tena uniambie alisema nini.